Jibu Nililotoa Wodini

Kama umeanguka mahali pa watu, ukavunjika, na sasa umelazwa unatazama dari, wageni watakuja kukuambia pole. Wapokee. Kula ndizi walizokuletea. Lakini chunga utakavyowajibu. Mimi nilijibu jinsi nilivyolelewa kujibu, na maneno yangu yakanifuata mpaka mahakamani, yakatoka huko yakaingia nyumbani kwangu, na aliyeumia zaidi kwa ajili yake hakuwa mimi.

Sasa natembea. Nachechemea, lakini natembea, na mtu akiniona kwa mbali anafikiri naringa. Nimengoja nifike hapa ndipo niandike, kwa sababu mwaka jana nisingemaliza hata ukurasa mmoja bila kulia.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda Kondele, hapa Kisumu, na kwa miaka mingi nilishona kwa cherehani ya kukanyaga, ile ya chuma nyeusi. Kwetu ni upande wa Vihiga, kwa Waluhya. Niliolewa na Ouma, mtu wa Usenge, kule ziwani, na tuna binti mmoja, Tabitha. Kwa hiyo kwenye ploti tunakopanga mimi ni Mama Tabitha, na wateja wananiita hivyo hivyo.

Siku niliyoanguka, mvua ya masika ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Nilipita kwenye supermaketi moja ya mjini kununua maziwa na sabuni ya unga. Friza ya maziwa ilikuwa inavuja. Badala ya kupiga deki, mtu alikuwa amekunjua katoni akazilaza juu ya maji, kama tunavyofanya sote mlangoni mvua ikinyesha. Katoni ikilazwa hivyo kila mtu anajua maana yake ni kanyaga hapa. Nikakanyaga. Katoni ikateleza, ikaondoka na mimi.

Nilisikia mguu wa kulia ukikatika kabla sijasikia maumivu. Nilipotazama, unyayo wangu ulikuwa umeangalia upande ambao unyayo hauangalii. Na unajua nilifanya nini kwanza? Nilivuta sketi. Mpasuo ulikuwa umepanda na watu walikuwa wamejaa. Mguu umegeuka, na mimi nahangaika na sketi.

Hospitalini nilijifunza kungoja. Unangoja kwenye benchi la eksirei, unangoja kitanda, unangoja daktari apite, na akipita anaongea na wanafunzi wake halafu anaenda, na unamwuliza mwenzako wa kitanda cha pili amesema nini. Kifundo kilikuwa kimevunjika pande zote mbili. Waliniwekea chuma na skrubu, wakafunga plasta. Nilipozinduka, mama mkwe wangu alikuwa ameketi pembeni, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili ili kisipoe.

Alikuwa ametoka Usenge na ndoo ya omena kavu, wale dagaa wa ziwani. Yeye kazi yake ilikuwa kuanika omena ufukweni na kuwauzia wachuuzi. Miezi hiyo omena ilikuwa imefungwa, ule wakati ambapo serikali inakataza kuvua ili samaki wazaliane, kwa hiyo nyavu zake za kuanikia zilikuwa zimekunjwa.

“Niko bure,” aliniambia. “Wacha nikae na wewe.”

Aliniita nyathina, yaani mwanangu, tangu siku niliyoolewa, hata wakati ndugu zake walipokuwa wakisema Ouma amekosa wasichana wa nyumbani mpaka akaenda kuchukua Mluhya.

Tulikuwa pamoja hivyo wodini, mimi na yeye, meneja wa supermaketi alipokuja saa ya wageni. Alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alikuja na wafanyakazi wawili, wamebeba mkate, maziwa, sukari na juisi. Walisimama miguuni pa kitanda wameinamisha vichwa.

“Mama, pole sana,” akasema. “Tumesikia vibaya kabisa.”

“Asante, mwanangu,” nikamjibu. “Usijali. Si makosa ya mtu. Ni mimi tu sikuangalia nilipokanyaga.”

“Mungu ni mwema,” mama mkwe akaongeza. “Angeweza kugonga kichwa.”

Meneja akaomba, tukasema amina, wakaenda. Nilikuwa nimetoka kuchomwa sindano ya maumivu, na kufikia jioni maneno yale yalikuwa yamenitoka kabisa kichwani. Lakini hata ningekuwa na akili zangu zote, ningesema nini? Umlaumu mgeni aliyesimama mbele yako na mkate mkononi? Kwetu Vihiga na kwao Usenge ni mamoja, mgonjwa ndiye anayemfariji mgeni. Mtu anakuja na uso umemwanguka, na wewe uliyevunjika ndiye unayemwinua. Unasema ni ajali, unasema ni sawa, unasema ni mimi mwenyewe. Kila aliyekuja siku hizo nilimwambia hivyo hivyo, pamoja na mwalimu wa Tabitha ambaye hata hakujua nilianguka wapi.

Nilirudi nyumbani na magongo. Mama mkwe akarudi nami, lakini hakulala kwetu. Kwa desturi yao mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wengi siku hizi wanasema nyumba ya kupanga mjini haihesabiki, na Ouma alimwambia hivyo, lakini yeye hakutaka. Aliombewa nafasi kwa jirani mmoja mjane mwisho wa ploti, akalala sakafuni kwenye godoro jembamba. Kila asubuhi nilisikia ndala zake zikija kwenye matope kabla Ouma hajaondoka kwenda kazini.

Yeye ndiye aliyeniosha. Mtu mzima mwenye binti anayevaa sidiria, nimekaa kwenye beseni mguu umewekwa juu ya stuli, umefungwa karatasi ya plastiki, na mama wa mume wangu ananisugua mgongo. Mara ya kwanza nililia kwa aibu. Akaniacha nilie, akaendelea kusugua.

Plasta ilipotolewa sikuutambua mguu wangu. Ulikuwa mwembamba, umepauka, ngozi inatoka magamba, na ulikuwa na harufu. Mama mkwe akaushika mapajani, akauangalia upande huu na upande huu.

“Hii mguu imekuwa ya mtoto,” akasema. “Tutaitafutia kiatu ya mtoto.”

Nilicheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu supermaketi, na nakwambia wewe uliyelala, kicheko kama hicho kinafanya kazi kuliko vidonge vingine.

Halafu kidonda cha pembeni, pale walipopitisha chuma, kikakataa kufunga. Nikarudi kwenye mabenchi. Nilisafishwa kidonda mara nyingi hata nikawajua wauguzi kwa miguu yao, kwa sababu mimi nilikuwa nikitazama chini nisione wanachofanya. Ziwa lilijaa magugu, upepo ukayasukuma yakaenda, yakarudi tena, na mimi bado nilikuwa nabadilishwa bandeji. Ouma alianza kulala kwenye kochi. Alisema ni ili asinigonge mguu. Sikumwuliza zaidi. Tabitha, ambaye alikuwa mtu wa kukimbia, alijifunza kutembea polepole pamoja nami mpaka akawa anatembea polepole hata akiwa peke yake, na hilo liliniuma kuliko kidonda.

Cherehani ilikaa kibandani imefunikwa gunia. Nilijaribu mara moja. Cherehani ya kukanyaga inataka kifundo kinachopanda na kushuka, na changu kilikuwa kimekaza kama ubao. Niliweka mguu wa kushoto, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikafunga mlango nikaenda nyumbani.

Hapo ndipo Ouma aliposema twende kwa wakili. Ofisi ya wakili ilikuwa orofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Watu wa kesi za kuanguka wote tulipanda ngazi zile na magongo yetu, tunapumzika kila kona, tunapishana na wenzetu wanaoshuka. Wakili aliniuliza nataka nini. Ouma alitaka waadhibiwe. Mimi nilitaka cherehani ya umeme, ambayo ningeweza kuibonyeza kwa mguu wa kushoto, ili kibanda kifunguliwe. Na nilitaka mtu mmoja wa kule asimame aseme katoni haikufaa kuwekwa pale. Wakili aliandika la cherehani. Hilo la pili alisema mahakama haina namna ya kulitoa.

Omena ikafunguliwa, mama mkwe akarudi ufukweni. Kesi ikawa inaahirishwa. Leo hakimu ana semina, leo wakili wao ni mgonjwa, leo faili haionekani. Benchi la mahakama ni gumu kuliko la hospitali, maana hospitalini angalau mtu anakuuliza unaendeleaje.

Masika ya pili yalipofika, tukapata siku ya kusikizwa. Wakili alitaka mama mkwe awe shahidi, aeleze alivyonitunza. Omena ilikuwa imefungwa tena, akaja. Jioni ile alikuwa ameketi mlangoni kwetu anachambua mchanga kwenye omena aliyotuletea. Ouma alisimama juu yake.

“Mama, wakikuuliza mambo ya wodi, wewe sema hukuwa unasikiza.”

Aliendelea kuchambua. Ouma akarudia.

“Nimesikia, Ouma,” akasema.

Siku ya kesi mimi nilitangulia kizimbani, na mama mkwe akaachwa nje, kama mashahidi wanavyoachwa. Nilieleza friza, maji, katoni. Wakili wa upande wa pili alikuwa na sauti ya taratibu. Aliniuliza kama nilimwambia meneja wodini kwamba si makosa ya mtu, ni mimi sikuangalia. Nikamwambia sikumbuki. Na kwa kweli sikukumbuka. Akauliza tena kwa njia nyingine, nikasema sikumbuki, akaketi.

Kisha wakamwita mama mkwe. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea kabla ya ajali, la buluu, na kitambaa cheupe kichwani. Alishika Biblia kama mtu anayeshika kitu chake mwenyewe. Wakili wetu alimwuliza nilivyoishi baada ya kuvunjika, naye akaeleza bila kuona haya, mpaka mambo ya choo, nikainamisha kichwa. Halafu yule mwingine akasimama.

“Mama, siku meneja alipokuja wodini, wewe ulikuwepo?”

“Nilikuwa.”

“Ulimsikia mke wa mwanao akimwambia kwamba si makosa ya mtu, ni yeye hakuangalia alipokanyaga?”

Mama mkwe alinitazama. Alimtazama Ouma, aliyekuwa ameketi nyuma yangu. Kisha akaitazama ile Biblia ambayo karani alikuwa amekwisha kuiweka mezani.

“Alisema.”

“Asante, mama.”

“Lakini ngoja. Hiyo ni kujibu pole. Mtu akikwambia pole, utamwambia nini? Hata mimi nikifiwa nasema ni sawa. Si sawa, lakini nasema.”

“Mama, jibu swali peke yake. Alisema au hakusema?”

“Alisema.”

Hakimu akaandika. Na hapo hapo, wakati kalamu ikitembea, ndipo nilipoyakumbuka yote, shati la meneja, kikombe cha uji, sauti yangu mwenyewe ikimfariji yule kijana. Mama mkwe alikuwa amesema kweli tupu.

Tulipotoka nje alikuja akaketi kando yangu kwenye benchi. Ouma alikuwa amekwenda mbele, hakutusubiri.

“Nimekuumiza,” akasema.

“Hapana, Mama,” nikamjibu. “Si makosa ya mtu.”

Aliutazama mguu wangu, ule alioushika mapajani, sasa umevaa kiatu kipana cha kamba.

“Hiyo ni ya wageni,” akasema. “Mimi unipatie ya kweli.”

Sikuwa nayo. Yaani nilikuwa nayo, lakini haikutoka. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kitoto isiyo na haki, kwa sababu alikuwa ananipenda na bado hakunipa neno moja la uwongo. Watu wa kwetu hatuna namna ya kumwambia mama mkwe nimekukasirikia. Nikatabasamu. Nikapanga magongo yangu. Nikasema tutaongea nyumbani.

Hatukuongea. Alipitia kwa yule jirani, akachukua mfuko wake, akaondoka mchana huo huo. Ouma hakumsindikiza.

Hukumu ilisomwa wakati wa vuli. Hakimu alisema kosa tugawane nusu kwa nusu, kwamba wao walikosea kuweka katoni juu ya maji, na mimi nilikosea kutoangalia, kama nilivyokiri kwa kinywa changu mbele ya shahidi wangu mwenyewe. Wakili alitupongeza. Alisema wengine hutoka bila chochote, na ni kweli, kwenye zile ngazi zake niliwaona. Ile nusu ilitosha cherehani ya umeme ya mitumba. Ninayo hadi leo, inashona vizuri, naibonyeza kwa mguu wa kushoto. Kama uko kwenye kesi, usikate tamaa hata kidogo. Waambie watu wako wapige picha sakafu siku hiyo hiyo, na wageni wa upande ule wakija, waambie asante tu, basi.

Mama mkwe aliendelea kututumia omena kwa mtu yeyote aliyekuwa akija mjini. Simu alimpigia Tabitha. Siku nyingine aliomba apewe mimi.

“Mguu?”

“Inaendelea vizuri, Mama.”

“Haya.”

Kisha kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua, mpaka salio liishe. Mimi mwanamke wa maneno, ninayejua kubembeleza mteja ambaye gauni lake limechelewa wiki nzima, sikujua pa kuanzia. Hasira yenyewe ilikuwa imekwisha zamani. Ilikuwa imekwisha hata kabla ya hukumu. Nilitaka kumwambia hilo uso kwa uso, si kwenye simu, na safari ya Usenge na mguu ule si mchezo.

Halafu daktari akasema skrubu zitolewe, zilikuwa zinasukuma ngozi. Nikalazwa tena, nikashonwa tena. Nilipanga nyuzi zikitolewa niende Usenge nikakae naye, nilale kwenye nyumba yake, maana mimi sina mwiko wa kulala kwake. Nilikuwa nimekwisha kununua kitambaa cha gauni jingine, buluu ile ile.

Presha ilimwangusha akiwa ufukweni anakunjua nyavu zake. Omena ilikuwa inafunguliwa wiki hiyo. Alichukuliwa hospitali ya karibu, na Ouma alipofika hakuwa tena na sauti. Nilipigiwa simu nikiwa bado na nyuzi mguuni.

Ouma hajawahi kuniambia alimwambia nini mama yake pale kitandani. Nilimwona tu siku ya mazishi, amekaa peke yake kwenye mashua iliyopinduliwa, mikono kichwani, analia kama mtu aliyepigwa. Nilikwenda nikakaa naye. Usiku huo, na tangu usiku huo, hakulala tena mbali nami.

Boma lilijaa. Jeneza lilikuwa limewekwa chini ya turubai mbele ya nyumba ya mama mkwe, na ardhi pale imeteremka kuelekea ziwani, imelowa kwa mvua. Walikuwa wamemvika lile gauni la buluu la mahakamani. Lile jingine nililokusudia kumshonea lilikuwa bado kitambaa, limekunjwa kibandani.

Mimi nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kiti kingine, kama mgonjwa na kama mfiwa. Wakaja wanawake mmoja mmoja. Pole. Pole sana, Mama Tabitha. Na mimi nikawajibu, ni sawa, asanteni, ni Mungu, mmefika salama? Nilisikia mdomo wangu ukifanya kazi yake peke yake. Nilimwuliza mmoja kama amepewa chai.

Kisha akaja dada mdogo wa mama mkwe, Mama Rosa, aliyekuwa akianika omena pamoja naye. Akanishika mkono.

“Pole, nyathina. Tutafanya nini. Ni sawa tu.”

Alikuwa anangoja niseme ni sawa.

“Si sawa,” nikasema.

Wanawake waliokuwa karibu wakageuka.

“Nilimkasirikia,” nikamwambia. “Alisema kweli mahakamani na mimi nikamkasirikia, halafu ikaisha, na sikumwambia. Hakuniomba kitu kingine. Aliniomba nimwambie ukweli tu.”

Nilifikiri nimewaaibisha, mkwe wa watu, Mluhya, nimekuja kuharibu matanga. Mama Rosa hakuniachia mkono. Aliuvuta kidogo, mpaka nikaelewa kwamba anataka nisimame.

“Uko mbali,” akasema. “Hapa yeye hajasikia.”

Akaniinua, akanishika kiwiko, tukateremka pamoja kwenye matope kuelekea kwenye jeneza. “Angalia unapokanyaga,” akaniambia, na nikaangalia, hatua kwa hatua, mpaka tukafika. Nikashika ubao kwa mikono miwili. Nikamwambia yote tena, polepole, kwa Kiswahili chetu cha siku zote, na hakunijibu.